Mtani Aliyejificha

Ishaka alikuwa na ulimi ambao mama yake, Biubwa, alisema ungeweza kumchekesha mfiwa na kumliza bwana harusi siku hiyo hiyo. Shuleni walimwita Redio. Alikuwa na miaka kumi na saba, Gredi ya kumi na moja, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Tangu aletwe Johannesburg kutoka Tanga akiwa mtoto mdogo, hakuwahi kupishana na mtu bila kumwachia neno la kwenda nalo nyumbani.

Na katika nyumba yao alikuwa na ruhusa. Ilikuwa nyumba ya zamani pale Bellevue, imekatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba hata mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaombewa afya chumba cha nne. Siku Concilie, mama wa Kirundi, alipohamia chumba cha jirani na binti yake Joséline, Biubwa alimpokea jikoni na mwiko mkononi.

"Warundi walikuja kwetu Tanga kukata mkonge, wakawa watani wetu," alimwambia. "Kwa hiyo kuanzia leo nitakutukana na huna pa kunishtaki."

Concilie alimtazama juu mpaka chini. "Na mimi nikikutukana?"

"Nitacheka. Nikishindwa kucheka, umenishinda."

Utani ukaingia nyumba ile kama mpangaji wa ziada. Biubwa alisema Mrundi akiingia peponi ataulizia maharage kwanza. Concilie akajibu kwamba mtu wa Tanga hutia nazi hata kwenye dawa ya kikohozi. Watoto wakarithi. Ishaka alimwambia Joséline kwamba kwa urefu ule, robot ya Rockey Street, ile ya kuongozea magari, hubadilisha taa ikimwona akiwa bado Yeoville. Joséline, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuchanganya lakini chenye meno, alimjibu, "Na wewe ukianguka, hata vumbi halishtuki."

Kuna jambo moja Biubwa hakumfundisha mwanawe, kwa sababu alidhani linajulikana kama kupumua. Kaka yake Concilie alipofariki Bujumbura na matanga yakafanyika ndani ya nyumba ile, Biubwa aliingia amevaa koti la kiume nyuma mbele, akimdai marehemu chumvi aliyoazima. Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akavua koti, akamenya viazi gunia zima, akaosha masufuria ya watu sitini, akafagia. Mtani ndivyo alivyo: anakuchekea usoni, kisha anakutekea maji. Ishaka aliona koti. Viazi hakuviona.

Mwezi wa tisa wa mwaka 2013, siku ya mwisho kabla ya likizo, shule iliadhimisha Sikukuu ya Urithi, kila mwanafunzi avae cha kwao. Walikuja wenye shanga za Kizulu, wenye blanketi za Kisotho. Ishaka alivaa kanzu iliyompwaya. Joséline alikuja na imvutano, vazi la wanawake wa Burundi, kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa, cha kuonyesha, kinachofungwa bega moja na kushuka mpaka kwenye vifundo juu ya sketi ya ndani. Lilikuwa vazi alilofunga ndoa nalo mama yake, lililosafiri nchi tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Joséline, ambaye siku zote alitembea amejikunja ili apunguze urefu, siku ile aliuvaa urefu wake wote.

Ishaka alimwona kutoka ng'ambo ya uwanja na ulimi ukaanza kumuwasha. Angemfuata akamwambia usoni, angejibiwa, na mambo yangeishia hapo hapo. Lakini uwanja ulikuwa mpana, na simu ilikuwa mkononi.

Tena hakuwa na simu tu. Alikuwa na ukurasa kwenye Fesibuku, unaitwa Benchi la Nyuma, wenye wafuasi elfu moja na mia tatu. Pale ndipo vituko vya shule vilipoanikwa: suruali ya mwalimu wa hesabu, mkate wa kantini uliovunja jino. Hakuna aliyejua mwenyewe ni nani. Hata yeye alijizoeza kushangaa pamoja na wenzake.

Akapiga picha, akaandika kwa Kiingereza: *Chandarua kimepotea Bellevue. Mara ya mwisho kilionekana kikitembea chenyewe. Mbu wote wa Burundi wanakitafuta.*

Akacheka peke yake mpaka kofia ikamdondoka. Moyoni alijua Joséline angemtambua. Nani mwingine angeweza kusema vile? Jioni angegonga ubao uliotenganisha vyumba vyao na kumrudishia neno kuhusu kanzu yake iliyokuwa ikifagia uwanja. Hakukumbuka kwamba kwenye simu neno halina sauti, na mtani asiye na sauti wala uso hatambuliki.

Ubao haukugongwa.

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili mmoja aliichora ile picha mbu kila upande, ikaanza kutembea. Ikatoka Bellevue, ikatoka Johannesburg, ikafika kwa watu wasiomjua Joséline wala mbu wake. Mwanamume wa Durban aliandika kwamba ndio hawa wanaoleta malaria. Mwingine akaandika arudi kwao na chandarua chake. Kisha likaja neno kwerekwere, lile la kuwaita wageni, lile lile lililoandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa spaza, duka dogo la mjomba wake Vuai kule Soweto, mwaka 2008, siku moja kabla halijavunjwa. Ishaka alilisoma kwenye ukurasa wake mwenyewe, chini ya maneno yake mwenyewe.

Angeweza kufuta. Tuseme ukweli: alihesabu. Walioipenda walikuwa mia tisa na arobaini, na hakuwahi kufikisha hata mia mbili. Akasema moyoni, ikifika elfu nafuta. Ilipofika elfu alisema kesho.

Kila mtu alipoandika neno, simu yake ilitetemeka juu ya meza. Na nukta moja baadaye, ng'ambo ya ubao, simu nyingine ilitetemeka pia, kwa kuwa watu walikuwa wamelibandika jina la Joséline pale. Zzz, upande huu. Zzz, upande ule. Likizo nzima alikaa akizisikia simu mbili zikijibizana.

Shule ilipofunguliwa, Joséline aliingia darasani, na kutoka viti vya nyuma mtu akavuma kama mbu. Midomo imefungwa, macho kwenye daftari. Zzzz. Mwingine akapokea. Mwalimu aligeuka, hakuona mdomo uliofunguka, akauliza kama dirisha liko wazi. Joséline alicheka siku ile ya kwanza, akapunga mkono kama anayefukuza mdudu. Siku ya tano hakucheka. Wiki ya pili akarudi kujikunja, safari hii zaidi ya zamani, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Wakati wa mapumziko alikaa na Sumaiya, msichana wa Kizanzibari wa Troyeville, rafiki yake wa damu, na mkate wake ulirudi nyumbani mzima.

Ishaka alivuma mara moja. Viti vyote vya nyuma vilikuwa vinavuma, na Redio ndiye pekee aliyenyamaza, na mtu alianza kumtazama. Kwa hiyo akavuma. Kidogo tu. Sauti ile ilibaki kwenye meno yake mpaka alipofika nyumbani.

Mwisho wa mwezi wa kumi Joséline aliacha kwenda shule. Alisema tumbo.

Alhamisi moja alasiri, jikoni, Concilie alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akimtazama Biubwa akikoroga unga.

"Mama Ishaka, mutoto wangu hakuli. Simu inamuumiza, na hawezi kuiacha. Nikimunyang'anya analia. Nikimurudishia analia."

"Ni nani hao?"

"Watu wa ndani ya simu. Hawana sura."

Biubwa aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Anayekucheka bila kuonyesha sura si mtani, Mama Joséline. Huyo ni mchawi."

Ishaka alikuwa kwenye sinki anaosha kikombe. Alikiosha, akakisuuza, akakiosha tena.

"Kikombe hicho kimekukosea nini?" mama yake aliuliza.

Redio alikirudisha kikombe mahali pake kikiwa bado kinachuruzika maji.

Alipokuwa anapita ukumbini Joséline alimwita. Mlango wake ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Alikaa kitandani, pazia limeshushwa ingawa ilikuwa saa kumi alasiri, nywele hazijasukwa kwa wiki mbili, simu imewekwa juu ya goti kama kidonda anachokiangalia.

"Ingia. Wewe unajua mambo ya simu."

"Kidogo."

"Nataka mwenye ukurasa ule. Nitafutie."

Ishaka aliegemea fremu ya mlango. "Utamfanya nini?"

"Nitamuuliza tu. Nilimkosea nini." Aliigeuza simu. "Maneno yapo mia nne na kumi na mawili. Nayajua yote, hata namba zake. Huyu wa Durban ana mtoto mdogo, anamvalisha kofia ya njano. Nimetazama picha zake zote. Mtu anampenda mtoto namna ile, halafu mimi ananiandikia hivi."

"Usisome, Joséline."

"Nisiposoma naona kama wanaandika mengine nisiyoyajua. Nikifumba macho nasikia wanavuma." Aliifunika simu kwa kiganja. "Kuna wakati natamani nisionekane. Si kufa, ndugu yangu. Nisionekane tu. Sijui kama ni vitu viwili au ni kimoja."

Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wa Ishaka, ule ulimi usiowahi kumnyima kitu. Ni mimi. Maneno mawili, mafupi kuliko utani wowote aliowahi kuutunga.

"Nitajaribu kutafuta," alisema.

"Mimi nafikiri ni Sumaiya."

"Sumaiya?"

"Tazama." Alimwonyesha picha. "Imepigwa kutoka upande wa kantini. Yeye ndiye aliyekuwa kantini, ananinunulia maji. Nani mwingine alikuwa upande ule?"

Ishaka aliitazama picha aliyoipiga mwenyewe. Aliona hata kivuli chake pembeni, kifupi, chenye kofia, ambacho katika watu wote walioitazama hakuna aliyekigundua. Kimya chake kilirefuka kiasi cha kuwa jibu.

"Nilijua," Joséline alisema.

Alhamisi ile ile alimwandikia Sumaiya asimtafute tena. Na Alhamisi ile ile Ishaka aliufuta ukurasa wa Benchi la Nyuma, picha, maneno, wafuasi, vyote. Alijisikia kama mtu aliyeoga. Ilidumu mpaka Ijumaa saa tisa alasiri, Joséline alipogonga ubao.

"Ishaka. Umeona? Ukurasa umefutwa. Jana nilimwambia, jana hiyo hiyo akafuta. Ni yeye kabisa." Sauti yake ilipita kwenye mbao nyembamba kana kwamba yuko sikioni. "Asante, hata hivyo. Nimebaki na wewe tu."

Ishaka aliweka kiganja kwenye ubao. Toba aliyoitubia kwa siri ilikuwa imeenda kumshuhudia uongo mtu mwingine. Na ile picha ilikuwa bado inazunguka. Alikuwa amefunga mlango, na moshi ulishatoka.

Jumatatu ndiyo ulikuwa mtihani wa kwanza wa mwisho wa mwaka. Joséline alishamwambia mama yake kwamba hatakwenda. Asiyefanya, hapandi Gredi ya kumi na mbili.

Jumamosi asubuhi akina mama wote wawili walikuwa jikoni. Biubwa alikuwa anamenya viazi. Ishaka aliingia, akasimama katikati, pale ambapo siku zote alisimama akitaka kuchekesha, na Concilie akaanza kutabasamu mapema, kwa mazoea.

"Mama Joséline," alisema. "Ukurasa ule ulikuwa wangu. Picha nilipiga mimi. Chandarua nilisema mimi."

Tabasamu la Concilie lilichelewa kuondoka. Aliinuka, akazima jiko lililokuwa na maharage yake, akasimama akiliangalia jiko lililozimwa.

"Ile nguo niliolewa nayo," alisema, akilisemesha jiko.

Biubwa hakumpiga. Ishaka alikuwa amejiandaa kupigwa. Angekuwa ameona nafuu. Mama yake aliweka kisu chini.

"Ulimtania umejificha?"

"Nilidhani atanitambua, mama. Ni utani tu, kama wetu."

"Wetu?" Biubwa aliokota ganda la kiazi, akaliweka kwenye kiganja cha mwanawe. "Huu ndio utani. Hili hapa. Yale mengine ni maneno. Mwenzako amefiwa na uso wake mwezi mzima, wewe uko ng'ambo ya ubao umelala."

Hapo ndipo walipomwona Joséline mlangoni, amejifunga kanga ya mama yake. Nyumba ile haikuwa na siri ya ukuta mmoja.

"Ulicheka?" aliuliza.

"Nilicheka."

"Na darasani, ulivuma?"

Angeweza kukataa. Hakuna aliyemwona. "Mara moja."

Joséline aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeandikishwa jina. "Sumaiya hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu. Joséline, nisikilize. Jumatatu nitavaa chandarua mimi, kile chetu cha bluu. Naingia nacho shuleni mpaka ukumbini. Watanivumia mimi, wewe watakusahau, utaona jinsi..."

"Bado unataka wacheke," Joséline alisema.

Ishaka akaliangalia ganda la kiazi kiganjani.

"Nenda kwa Sumaiya. Kwa miguu, usimwandikie. Halafu usinisemeshe." Aligeuka, na mlango wake ukafungwa taratibu. Ungebamizwa ungemuuma kidogo kuliko hivyo.

Jumapili alitembea mpaka Troyeville, mijakaranda imemwaga maua njia nzima, akiyakanyaga kama aliyekatazwa kuyaona. Sumaiya alimsikiliza kwenye ngazi za ghorofa lao, ushungi umefungwa vizuri, mikono imekunjwa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimekaa nikijiuliza nimemfanya nini yule. Nimepitia kila neno tangu Gredi ya nane. Na wewe Ijumaa umenipita kwenye geti ukanisalimu, 'Sharp, Zenji, mbona umenuna?'"

"Nilisema hivyo."

"Ulisema hivyo. Ondoka, Ishaka. Ukikaa hapa nitakusikitikia, na sitaki."

Jumatatu wanafunzi walipanga foleni nje ya ukumbi wa mtihani. Joséline hakuwepo, Sumaiya hakuwepo. Ishaka alipanda kwenye tofali la mlangoni ili aonekane.

"Jamani. Benchi la Nyuma lilikuwa langu," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti. "Ya chandarua niliandika mimi."

Foleni ilipasuka kwa kicheko.

"Eish, Redio," mmoja alisema, akijifuta machozi. "Hata leo?"

"Nasema kweli."

"Na mimi ndiye mkuu wa shule," mwingine akadakia, na kicheko kikaanza upya. Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu kwa miaka mitatu uso ule uliokazwa ndio uliotangulia kila utani wake mzuri. Mlango ulifunguliwa wakaingia wakiwa bado wanakohoa kwa kucheka, na yeye akafuata, mtu aliyesema ukweli akapigiwa makofi.

Karatasi zikagawiwa. Kiti cha Joséline, cha tatu dirishani, kilikuwa kitupu. Ishaka aliandika jina lake, akaandika tarehe, akasikiliza ukumbi. Dakika kumi. Ishirini. Sheria ilimruhusu aliyechelewa kuingia kabla saa nzima ya mtihani haijatimia.

Zikiwa zimepita dakika thelathini na tano, mlango ulisukumwa. Sumaiya alitangulia, anahema, na nyuma yake Joséline, sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa haraka haraka mistari minne, upande mmoja umepinda. Sumaiya alikuwa amedamka kumfuata Bellevue. Msimamizi aliwaonyesha viti vyao kwa kidole. Joséline akaanza ule mwendo wake wa kutafuta kilichoanguka.

Na kutoka nyuma, midomo imefungwa: zzzz.

Joséline alisimama katikati ya njia. Ishaka aliona mgongo wake, na aliona kisigino kimoja kikigeuka kuelekea mlangoni.

Akasimama. Kiti chake kilipiga kelele sakafuni, na vichwa mia moja vikainuka.

"Mwenye ukurasa ni mimi," alisema. "Ishaka. Nilimpiga picha mwenzangu nikiwa nimejificha, nikamwachia aumie kwa zaidi ya wiki sita. Anayetaka kuvuma anivumie mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakuna mtu anayesimama kutania katikati ya mtihani. Hata Redio hana wazimu wa namna hiyo.

"Wewe, nje," msimamizi alisema. Alichukua karatasi ya Ishaka, akapiga mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona. "Sifuri."

Alipita karibu na dirisha la tatu. Joséline alikuwa ameketi. Hakuinua macho; alikuwa anatafuta kalamu kwenye kijaluba, na Sumaiya, kutoka mstari wa pili, akamnyooshea yake.

Nje kulikuwa na jua kali. Ishaka alikaa chini ya madirisha ya ukumbi, mgongo kwenye matofali, mikono mitupu. Alikuwa amedhani angejisikia mwepesi. Alijisikia vile vile, tena sasa na sifuri juu yake, na jioni bado kulikuwa na jiko la kurudia, na mlango usiofunguliwa, na gunia la viazi ambalo mama yake alilinunua jana bila kusema ni la nini.

Mlio wa mbu haukusikika tena. Alitega sikio muda mrefu, mpaka kengele ilipolia, na sauti iliyotoka dirishani ilikuwa ya karatasi zikifunuliwa tu.